Kopo Moja Kwenye Kilio cha Tata Kasongo

Mimi kitu cha kunishangaza bado hakijazaliwa. Nasema hivyo bila kuona haya. Nimeona pesa ikifa mfukoni mwangu kati ya asubuhi na saa sita ya mchana. Nimeona askari akipita katikati ya mji na beseni la kuogea la Mzungu kichwani, akachoka, akalitua chini, akaingia ndani yake na kuketi apumzike. Nimeona watu wakingoja treni mpaka wakazoeana na kuposana hapo hapo stesheni. Darasa la sita sikulimaliza, na leo waliomaliza chuo kikuu wanasimama mlangoni kwa depo yangu ya sementi, kofia mkononi, wakiniita Patron, yaani bosi. Nishangae nini tena?

Lakini nileteeni harufu ya majani ya mkaratusi yakichemka kwenye sufuria, basi nguvu zote zinaniishia. Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu. Mtoto wao alikuwa na mafua, wamemfunika blanketi juu ya mvuke, anakohoa na kulalamika humo ndani. Nikasimama pale ukutani, mimi mtu mzima mwenye malori mawili, macho yakanilowa. Jirani akadhani ni moshi, nikamwacha adhani hivyo. Ninyi peke yenu ndio nawaambia sababu.

Tulikaa Shituru, kule Katanga, kambi ya kampuni ya shaba, nyumba za matofali zilizopangwa mstari, zimefanana kama meno. Moshi wa kiwanda ulinuka kiberiti na kukaa kooni, ukimeza mate ukasikia ladha ya sarafu. Wageni waliulalamikia. Sisi tuliogopa siku ambazo haukutoka, maana moshi ukikosekana na mshahara ulikosekana, na miaka ile ulianza kukosekana mara nyingi. Baba, jina lake Banza, alikuwa fundi wa umeme mle kiwandani. Kila asubuhi alivaa kofia yake ngumu, akaenda kuangalia mashine zilizolala, jioni akarudi amechoka kuziangalia. Unga ambao kampuni ilikuwa ikigawa kila mwezi ulikoma. Basi mama akapika munkoyo, nami nikauuza.

Asiyejua munkoyo nimwonee huruma. Ni uji mwepesi wa mahindi, unatiwa mizizi iliyopondwa, unaachwa ulale, na asubuhi umekuwa kinywaji chenye utamu na ukali kidogo, kinashibisha na kuchangamsha. Nyanya yangu, ambaye kwetu tunamwita Nkambo, ndiye aliyeponda mizizi. Mama alipika. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilikuwa biashara yenyewe: miguu, mdomo na akili. Nilikuwa na ndoo ya bati yenye kifuniko, na kopo moja nililolifunga kwenye mshikio kwa waya ili lisiibwe. Waya ulikuwa mfupi. Mteja alilazimika kuinama, uso juu ya ndoo, anywe kama mtu anayesali. Niliuonea fahari waya ule. Katika Shituru nzima muuzaji aliyekuwa hajaibiwa kopo nilikuwa mimi peke yangu.

Na kitu kingine nilichokuwa nacho ni kichwa. Kuandika nilijua kwa shida, lakini mtu aliyekunywa kwangu sikumsahau. Nilimwambia mtu barabarani, "Tata, juzi ulikunywa mbili, jana moja, leo unanipita tu, nimekukosea nini?" Akacheka, akainama, akanywa. Hiyo zawadi ya kukumbuka ndiyo iliyonitajirisha, lakini kabla ya kunitajirisha ilinitoa jasho, kama mtakavyosikia.

Mwezi wa saba ule baridi ilikuwa kali, ile baridi yetu kavu ya Katanga inayopasua midomo. Tata Kasongo akafa, mzee mstaafu wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikufa kwa uzee, hakuna aliyekishangaa kifo chake. Kwetu mtu akifa, watu wote wanahamia kwake. Wanafunga hema la turubai, wanatandika mikeka, wanawasha moto, na kulala hapo bega kwa bega mpaka siku ya kuondoa kilio. Unapeana mkono na kila mtu, mmoja mmoja. Unakula sahani moja na wenzako. Na katika miaka ile ya njaa, niseme ukweli, kilio ndipo mahali ambapo mtu alikuwa na hakika ya kuona bukari, ugali wetu. Asiyefika, sura yake haionekani pale, lakini jina lake husikika: ndiye mchawi. Mama yangu, ingawa alikuwa na mimba ya miezi minane, alikwenda. Nkambo alikwenda. Wote tulikwenda.

Siku ya pili akafika Fernand, mwana wa marehemu, kwa treni ya Lubumbashi. Kijana wa miraba minne, shingo kama ya ng'ombe. Akamlilia babake, halafu akaanza kukohoa, na kikohozi chake kilikuwa kikubwa kama yeye. Mtu akampa pole ya safari.

"Aa, ni grippe tu," akasema Fernand, akimaanisha mafua. "Kule Lubumbashi bote banakohoa."

Nkambo alikuwa ameketi na wanawake wakichambua maharage. Mikono yake ikasimama. "Fernand, mwana wangu, mu treni mulikuwa bantu bangapi ya kukohoa?"

"Treni muzima, Nkambo. Hata ule mwenye kukata ba-tiketi."

Nkambo akasukuma maharage pembeni. Akakunja mkeka wake, taratibu, akaushika kwapani. Akamshika mama mkono, akamwinua, wakatoka mbele ya macho ya watu wote, mchana kweupe, kilio hakijafika hata nusu. Mama Astrid, kiongozi wa kwaya ya wanawake, mwenye sauti iliyoweza kuita mtu kutoka ng'ambo ya reli, akasema, "Ona! Bengine banajua kitu benye balifanya."

Nyumbani baba alikuja na aibu yake imemtangulia. "Mama, unatuua na haya! Kesho batasema ni shiye bachawi, tulimula Kasongo."

Nkambo akaketi kwenye kigoda chake. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, asiyependa kurudia neno. Siku hiyo alisema kwa urefu, na mimi nilikuwa mlangoni nikisikiliza.

"Banza, minye nilikuwaka mutoto ya kutuma mayi. Vita ya kwanza ya Bazungu ilikuwa inaisha. Homa ikakuya na treni, ikatoka kule kusini, ikashuka mu kambi sawa muntu eko na tiketi. Ya kwanza kufa, bote tukaenda ku kilio. Kilio ikazala kilio. Haikutafuta bazee, hapana. Ilitafuta benye nguvu, na bamama benye mimba. Mama yangu mudogo alikuwa na mimba ya myezi munane, sawa huyu. Asubui alitwanga. Kesho yake tukamuzika na mwana wake ndani."

Mama akaweka mkono tumboni. Nkambo akaendelea: mama yake aliwachukua watoto, akakimbia nao kambini, wakakaa kwenye kibanda cha wavuvi katika bonde la Lufira, bonde ambalo baadaye lilifunikwa na maji ya bwawa la Mwadingusha na leo linaitwa ziwa Tshangalele. Walikula samaki mpaka wakawachukia. Waliporudi walikuta nyumba ambazo mikeka ilikuwa imetandikwa na wa kuilalia hakuna.

Baba naye alikuwa na homa yake ya kukumbuka, ile ya muuguzi aliyekuja kwa baiskeli. "Ile ingine ya mbele ya indépendance nayo ilikuya. Minye nilikuwa ku masomo. Bakafunga masomo, kampuni ikatuma infirmier na velo, nyumba kwa nyumba, na maziwa, na vidonge. Hakuna mwenye alikufa ku avenue yetu. Batamutuma tena, Mama. Tungoje."

"Velo yenyewe iko wapi?" akauliza Nkambo. "Na ule infirmier, si njo eko anauzisha mafuta ku soko?"

Baba akatazama chini. Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumenunua mafuta kwake Jumamosi iliyopita.

Basi Nkambo akatoa amri. Hakuna wa nyumba yetu kurudi kwenye kilio. Dirisha la chumba cha mama lisifungwe, baridi au si baridi. Mama asipokee mkono wa mtu. Akachukua kaa la mbabula, jiko letu la mkaa, akachora mstari mweusi kizingitini, akasema anayekohoa asiuvuke.

Mimi niliyasikia yote hayo kwa masikio yangu mawili. Nikahesabu watu waliokuwa chini ya turubai, karibu sitini, na koo zilizokauka kwa kulia. Shetani wa biashara akaniambia, Ilunga, mkutano kama huu hautarudi mwaka huu. Nkambo alipoingia kumkanda mama miguu, nikabeba ndoo yangu, nikapitia nyuma ya choo, nikaenda.

Niliuza ndoo mbili. Mbili, wenzangu, siku moja! Nilirudi nayo nyumbani nikaijaza tena kwa wizi. Fernand alikuwa mteja wa kwanza. Homa ilimkausha, akainama juu ya ndoo, akanywa, akakohoa humo humo, akapangusa mdomo, akaomba tena, na tena. Baada yake wengine. Kopo lile lile, waya ule ule mfupi. Niliposimama pale jua la mchana likiniwakia, nilijiona mimi ndiye mkurugenzi wa kampuni.

Siku ya tatu mifupa yangu iliniuma kana kwamba mtu ameitoa, akaipiga na kuirudisha ovyo. Nkambo akanishika paji la uso. Hakuniuliza nilikotoka. Akaniburuta juu ya mkeka wangu mpaka jiko la nje, kile kibanda cha matofali kisicho na mlango, akanilaza humo. Akachemsha majani ya mkaratusi, akanifunika blanketi la kampuni lenye mistari, akasema, "Vuta pumzi." Nikavuta. Harufu ile ilinipasua kichwa na kunifungua kifua, na tangu siku hiyo nayo haijanitoka.

Mama alitaka kuja. Nilimsikia akibishana. Nkambo akamwekea kigoda mwisho wa ua, hatua kumi na tano kutoka kwangu, akamwambia akae hapo hapo. Akakaa, tumbo lake limemtangulia magotini, shuka mabegani.

"Ilunga, unanisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Leo tunapika sombe. Nimeweka na karanga. Utakula?"

"Ndiyo, mama."

Sikuweza kumeza hata mate. Aliendelea kunielezea ile sombe ya majani ya muhogo, ilivyopondwa, ilivyochemka, nani alipita akasalimia kutoka barabarani. Nami nililala nikimtazama kupitia uwazi wa mlango, nikiwaza jambo moja: ugonjwa huu nimeuleta mimi hapa uani. Ukivuka zile hatua kumi na tano, mama atazikwa na mtoto wake ndani, na ni ndoo yangu itakayokuwa imemuua. Mimi nimepoteza lori zima la sementi mtoni, nimewahi kuwekewa bunduki shingoni njia ya Kolwezi. Sijapata kuogopa tena kama nilivyoogopa nikisimuliwa sombe.

Nkambo aliponiletea uji nikamwambia yote. Nilingoja kofi, halikuja. Akauliza swali ambalo hakuna mtu angeuliza: "Nani alikunywa mbele, na nani alikunywa nyuma yake?"

Nikamtajia. Fernand. Kisha binamu yake Fernand. Kisha mwashi wa nyumba ya tisa. Kisha mume wa Mama Astrid, makopo mawili. Nilizitaja sura zote kwa foleni yake, bila kuruka hata moja, kama wenzangu walivyokariri katekisimu. Nkambo alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka, akatembea avenue nzima, mtaa wetu wote, akisalimia kutoka barabarani na kuuliza nani anaumwa. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

Siku ya sita Fernand akafa. Yule ng'ombe wa kijana. Babake hajapoa kaburini. Na watu walifanya nini? Walifanya walichofundishwa na mama zao: wakaanza kufunga turubai upya na kutandika mikeka.

"Amuka," Nkambo akaniambia. "Utaenda kuwaambia."

"Nkambo, batanipiga."

"Batakupiga. Amuka."

Baba alibeba ndoo tupu, mimi nikaegemea ukuta wa nyumba moja hadi nyingine. Kabla hatujafika kwa kina Kasongo, Nkambo akaigeuza ndoo katikati ya barabara, akanikalisha juu yake, watu wako kule na sisi huku, hatua kumi na mbili kati yetu. Wakatutazama.

Mama Astrid akaweka mikono kiunoni. "Nkambo, weye ulikimbia kilio ya baba, sasa kwa kilio ya mwana unatuletea mutoto ya homa atumalize?"

"Hakuya kulia, mwanangu. Anakuya kusema."

Nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, nikakohoa, nikaanza tena. Nikasema niliuza munkoyo pale kwa kopo moja, na Nkambo alikuwa amenikataza. Kisha nikaanza kuwataja. Fernand, wa kwanza, makopo matatu. Mtu akapiga mluzi. Kijana mmoja nyuma akasema, "Huyu anauzisha munkoyo ao ni polisi?" Wakacheka kidogo. Nikamtaja binamu: mke wake akasema tangu jana haamki. Nikamtaja mwashi: mwanawe akasema baba anatetemeka. Kicheko kikaanza kuwaishia. Kila jina lilikwenda likarudi na homa. Nilipofika kwa mume wa Mama Astrid, makopo mawili, nikamwangalia.

Mikono ikashuka kiunoni.

"Eko analala," akasema. "Tangu asubui hajui hata jina yangu."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukijua: watu sitini wanaweza kurudi nyuma hatua moja kwa pamoja, bila mtu kuwaamuru. Kila mtu alijitenga na jirani yake. Mwanamume mmoja akainua mkono anipige, akakumbuka kwamba kunipiga ni kunikaribia, akaushusha. Niseme ukweli, homa ile iliniokoa siku hiyo.

Nkambo hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba Fernand atazikwa kwa heshima, na wanaume walioshikwa na homa mapema na kupona ndio watakaobeba jeneza, maana ile ya zamani ilikuwa hairudii mtu haraka. Turubai lishuke. Kila mtu alie, lakini alie mlangoni kwake.

"Kilio ya mulango?" mzee mmoja akauliza. "Hiyo ni kilio gani?"

"Ni ya bantu benye kubakia bazima," akasema Nkambo.

Saa kumi ya alasiri jeneza likatoka, wabebaji sita na mjane wa Tata Kasongo tu. Barabara kimya. Nilikuwa nimelala jikoni kwangu, nikawaza kwamba hakuna atakayelia, na aibu itabaki kwetu milele. Kisha nikasikia sauti moja. Ilikuwa ya Mama Astrid, peke yake langoni kwake, mume wake nyuma yake ndani anaweweseka. Alilia ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya reli. Nyumba ya pili ikaipokea. Ya tatu ikaipokea. Kilio kikateremka avenue yetu kutoka mlango hadi mlango, kikimsindikiza Fernand kana kwamba watu wanampitisha mikononi, mpaka mwisho wa kambi. Nimehudhuria mazishi ya wakubwa, yenye fanfare za tarumbeta na magari meusi. Hakuna aliyesindikizwa vile.

Niliposimama vizuri kwa miguu yangu Nkambo alinitangaza kuwa askari wake. Wote tuliopona tulichota maji, tukapeleka bukari na uji kwenye nyumba za wagonjwa, tukaweka langoni, tukabisha na kurudi nyuma. Wengine walikuwa watu wazima, lakini aliyejua nani anaumwa, tangu lini na anakula nini nilikuwa mimi. Waliniuliza mimi! Mwashi mwenyewe, alipopona, aliniuliza, "Patron, leo naenda nyumba gani?" Ndiye mtu wa kwanza duniani kuniita jina hilo, na sijaliacha.

Biashara yangu lakini ilikuwa imekufa. Hakuna aliyetaka hata kivuli cha ndoo ile. Na Nkambo hakuwa amemalizana nami. "Ile pesa yako ya mu kiatu," akasema, "ilete." Nilidhani hakuna aliyejua. Ilikuwa ndani ya kiatu kikuukuu cha kazi cha baba, akiba yangu yote, ya kununua mkokoteni. Akanituma kwa fundi wa mabati, anayekata makopo ya mafuta ya msaada na kuyatia mshikio. Kopo moja kwa kila nyumba kwa ajili ya mgonjwa, lenye alama yake iliyokwaruzwa kwa msumari, na sabuni ya kuoshea. Nililia njia nzima. Homa haikunitoa machozi kama yale.

Juma la tatu uchungu ukamshika mama. Kwenye hospitali ya kujifungulia walikuwa wamelala wenye kukohoa wawili wawili kitandani. Nkambo alisema hapeleki mtu huko. Nilikimbia mpaka ng'ambo ya reli kumwita mkunga aliyekwisha kuugua na kupona, nikambebea mfuko, nikimhimiza kama mbuzi. Ilikuwa mchana, madirisha wazi, upepo wa baridi unapepeta pazia. Baba alizunguka nyumba mara sijui ngapi, kofia ngumu kichwani, hata sijui aliivalia nini. Mama alikuwa hajakohoa hata mara moja.

Kisha tukasikia kichanga. Sauti kali, ya hasira, ya mtu aliyenyimwa haki yake. Nkambo akatokea dirishani, akasema neno moja kwa baba, na baba, mtu wa aibu, mtu wa kutazama chini, akakimbilia langoni akapiga kelele: "Ni mwanamuke! Na mama eko muzima! Bote bawili bazima!"

Vigelegele vikaanzia kwa Mama Astrid. Mume wake alikuwa ameketi mlangoni kwa mara ya kwanza, amekonda kama ufito, akipiga makofi. Vikapokewa nyumba ya pili, ya tatu, kulia, kushoto, vikaenda mpaka kule mwisho na kurudi. Hakuna aliyekanyaga uani kwetu. Lakini mpaka jioni langoni palikuwa na unga, na kuku amefungwa miguu, na samaki wakavu wa Tshangalele, na shada la mkaratusi. Avenue yetu tangu Fernand haikuzika mtu mwingine wa homa ile. Za jirani zilizika. Mtoto aliitwa Ngoie, jina la Nkambo, na leo ana watoto wanne na mdomo mrefu kuliko wangu.

Sasa nisikilizeni. Miaka mingi baadaye daktari mmoja, mteja wangu wa sementi, aliniambia kwamba homa ile husafiri kwa pumzi kuliko kwa kopo. Turubai lililofungwa, mikeka iliyosongamana, ndivyo vilivyotuumiza zaidi. Munkoyo wangu ulibeba dhambi nyingi ambazo ni za hewa. Nilikasirika siku mbili. Makopo yote yale, na mkokoteni wangu! Halafu nikamwelewa Nkambo, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kulala kwa amani, mzee sana, kwa uzee wake mwenyewe. Habari za pumzi alizijua kabla ya daktari wangu, ndiyo maana alifungua madirisha na kuondoa turubai. Alichokosa ni mtu wa kuaminiwa. Bibi anayesimulia vita iliyokwisha, nani atamsikiliza? Lakini muuzaji anayesimama hadharani na kuharibu soko lake mwenyewe, huyo watu humwamini, maana hana faida tena ya kutafuta. Alihitaji mmoja wetu aseme ukweli unaomuumiza mwenyewe. Dawa hatukuwa nayo, infirmier hatukuwa naye. Tulikuwa na hiyo tu, na ilitosha.

Na homa hizi zitarudi, msijidanganye. Ya Nkambo ilikuja, ya baba ikaja, yangu ikaja. Kila kizazi huketi kwenye kizingiti kikingojea velo ya kizazi kilichopita. Ugonjwa wa juzi ulipotangazwa redioni, mimi niliondoa foleni kwenye depo na kuweka ndoo za kunawia kabla serikali haijaniamuru. Walinicheka. Nilicheka nao, kwa mbali.

Vijana huja kuniuliza mtaji wangu wa kwanza ulikuwa kiasi gani. Wanauliza vibaya. Waniulize nililipa nini mara ya kwanza nikapata zaidi ya nilicholipia. Makopo ishirini na matatu ya bati na miche sita ya sabuni, na kwa hayo nilibaki na mama, nikaongezewa dada, na avenue nzima ikaniita Patron. Fundi yule hakunipunguzia hata kidogo, wala mwenye sabuni: yote pamoja, kwa pesa ya wakati ule, zaire mpya elfu arobaini na sita na mia tano.